Mlinganyo wa joto kwenye slabu ya paa: njia dhahiri, njia fiche au Crank–Nicolson?

Zege15

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa kuchagua njia.

Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ni kukokotoa jinsi joto linavyopenya slabu ya zege ya paa bapa hapa Dar es Salaam. Unene ni sentimita 15. Juu kuna jua na upepo, chini kuna chumba. Mlinganyo ni ule wa Fourier, mwelekeo mmoja tu (u ni joto, t ni muda, x ni kina ndani ya slabu):

∂u/∂t = α ∂²u/∂x²

Nimechukua α (kasi ya joto kusambaa ndani ya zege) = 8 × 10⁻⁷ m²/s na k (uwezo wa zege kupitisha joto) = 1.4 W/mK. Nodi, yaani nukta za kukokotolea joto, ziko kila sentimita 1, jumla 16. h, yaani kiasi cha joto kinachopita kati ya uso na hewa, nje ni 20 W/m²K, ndani ni 8. Jua nimelichanganya na joto la hewa kwa njia ya kawaida: joto la hewa, jumlisha 0.7 × nguvu ya jua ÷ h. Data za hewa na jua nilizo nazo ni za saa kwa saa.

Nimeanza na njia dhahiri, ile ya kila kitabu, inayopata joto jipya moja kwa moja kutoka la zamani:

u mpya = u + r (jirani wa juu − 2u + jirani wa chini), ambapo r = αΔt/Δx², Δt ni hatua ya muda na Δx ni umbali kati ya nodi

Δt ni sekunde 60, kwa hiyo r = 0.48. Vitabu vinasema r isizidi 0.5. Na kweli hesabu hailipuki. Tatizo ni kwamba kila saa inapobadilika na jua kuongezeka, grafu ya uso wa juu inaota meno ya msumeno kwa dakika kadhaa. Nikafanya jaribio dogo: slabu yote iko kwenye joto moja, halafu nje panapanda ghafla kwa nyuzi 5. Uso unapanda hivi, hatua kwa hatua:

0.69, 0.62, 0.94, 0.89, 1.12

Uso unapoaje wakati jua limezidi?

Msimamizi wangu kasema "badilisha njia" basi. Nimesoma juu juu kuhusu njia fiche, zile zinazotatua nodi kwa pamoja kila hatua (Euler ya nyuma, Crank–Nicolson, ADI), na pia DuFort–Frankel. Ipi inanifaa?

Kokotoa

Crank–Nicolson, mkuu. Haina sharti la uthabiti, yaani hailipuki kwa Δt yoyote, na kosa lake linashuka kwa mraba wa Δt na mraba wa Δx. Euler zote mbili, ya mbele (ndiyo hiyo dhahiri yako) na ya nyuma, kosa lake kwa upande wa muda ni la daraja la kwanza tu, linashuka sawa na Δt, si mraba wake. Weka hatua ya saa nzima, ifuate data zako, kazi imekwisha.

MzeeFortran

Kijana, mgonjwa hapewi dawa kabla hajapimwa. Umeonyesha kanuni ya nodi za katikati. Nodi ya uso umeiandikaje?

Zege15

Shikamoo mzee. Nimetumia urari wa nishati kwenye nusu-seli:

u₀ mpya = u₀ + 2r(u₁ − u₀) + 2r·Bi·(T nje − u₀)

Bi (namba ya Biot) = hΔx/k = 20 × 0.01 ÷ 1.4 = 0.143

MzeeFortran

Marahaba. Umeandika vizuri, sasa ikusanye upya uone u₀ ya zamani inabeba nini mbele yake. Ni 1 − 2r(1 + Bi). Tia namba: 1 − 0.96 × 1.143, unapata hasi 0.097.

Ugonjwa ndio huo. Kila hatua unachukua joto la uso lililopita, unalizidisha kwa namba hasi, kisha unalijumlisha. Uso ukipanda leo, kesho yake unavutwa chini, keshokutwa unapanda tena. Nodi za katikati zina 1 − 2r = 0.04, chanya, hazina neno. Nusu-seli ya uso ina ujazo nusu lakini inapokea joto kutoka pande mbili, ndiyo maana sharti lake ni kali zaidi:

r(1 + Bi) ≤ 1/2

Kwa namba zako Δt isizidi sekunde 54.7. Weka 50 uone. Na upepo ukikaza, h ikapanda, sharti linabana zaidi. Ile 0.5 ya vitabu ni ya fito ambayo ncha zake joto lake limeshikiliwa, si ya paa lenye upepo.

Zege15

Nimeweka 50, meno yameondoka yote. Asante sana mzee. Ila sasa nimezidi kuchanganyikiwa: kama mgawo ulikuwa hasi, mbona haikulipuka?

MamaMatriksi

Hapo kuna mambo mawili ambayo wanafunzi wangu huyachanganya kila mwaka, ngoja niyatenganishe.

La kwanza ni uthabiti: kosa dogo likiingia, linakua au linafifia? La pili ni kwamba kila joto jipya liwe wastani wa majirani wa zamani wenye migawo isiyo hasi, ili namba zisivuke mipaka ambayo fizikia yenyewe haivuki. Sharti alilokupa mzee ni la jambo la pili. Ukilitimiza, la kwanza linapatikana bure. Ukilikosa, si lazima ulipuke.

Kwa kesi yako tunaweza kulikokotoa. Umbo baya kuliko yote ni lile linalobadilisha ishara kila nodi na kufifia kadiri unavyoingia ndani: uₙ = (−s)ⁿ, n ikiwa namba ya nodi kutoka juu. Ukilitia kwenye kanuni ya katikati na ya uso, unapata 1/s − s = 2Bi, yaani s = 0.867. Mgawo wa ukuaji wa umbo hilo ni 1 − rλ, na λ = 2 + s + 1/s = 4.02. Kwa hiyo mlipuko unaanza r inapozidi 2/4.02, ambayo ni 0.4975. Wewe ulikuwa 0.48. Ulikuwa ukingoni, hujaanguka.

Lakini 1 − 0.48 × 4.02 ni −0.93. Kila hatua umbo hilo linageuza ishara na kupungua kwa asilimia 7 tu. Baada ya hatua 60, yaani saa moja, limebaki kama asilimia 1, na ndipo data yako ya saa inayofuata inaruka na kuliamsha upya. Meno yako yanajirudia kila saa kwa sababu hiyo.

Sasa kuhusu kuchagua. Mimi ningeandika kodi moja yenye θ ndani yake, yaani uzito unaopewa joto jipya dhidi ya la zamani: θ = 0 ni njia dhahiri, θ = 1 ni Euler ya nyuma, θ = 1/2 ni Crank–Nicolson. Upande wa kushoto unapata matriksi ya mishazari mitatu (kila nodi inahusiana na majirani wake wawili tu), na algorithimu ya Thomas inaitatua kwa oparesheni takribani 8 kwa kila nodi. Njia dhahiri nayo ina zake kama 4 au 5. Kwa hiyo wanaosema njia fiche ni nzito, kwa mwelekeo mmoja uzito wenyewe hauzidi mara mbili kwa hatua.

KisuChaExcel

Jamani mnamtwisha kijana mzigo wa bure. Slabu ya sentimita 15! Aweke Δt sekunde 30, hatua 2,880 kwa siku, mara nodi 16, ni masasisho 46,080. Laptopu ya mkopo inamaliza kabla hujafunga mdomo. Hata Excel inabeba: safu 16, mistari 2,880, fomula moja unaiburuta chini. Matriksi ya nini?

Na faida nyingine hamuisemi: njia dhahiri ikikosewa inapiga kelele. Inalipuka, unajua kuna kosa. Njia fiche ikikosewa inakupa mstari laini mzuri ambao ni uongo.

MamaMatriksi

Hilo la mwisho nakuunga mkono kabisa, ndugu Kisu. Na kwa slabu hii kwa gridi hii, njia dhahiri inatosha, sipingi.

Ila atazame kinachotokea msimamizi akimwambia apunguze Δx hadi milimita 1. Nodi zinakuwa mara kumi, lakini Δt inashuka mara mia kwa sababu ya ule mraba: kikomo cha katikati kinatoka sekunde 62.5 hadi 0.625. Hatua kwa siku zinatoka takribani 1,400 hadi 138,240. Kazi yote inazidi mara elfu, na jibu la wimbi la saa 24 (joto la mchana na baridi ya usiku) halibadiliki kwa kiasi cha maana, kwa sababu wimbi hilo linapenya zege kwa kina cha √(αP/π), P ikiwa hizo saa 24, ambacho ni karibu sentimita 15. Gridi ya sentimita 1 ilikuwa tayari inaliona vizuri. Analipa gharama ya muda kwa ajili ya uthabiti, si kwa ajili ya usahihi. Njia fiche zilitafutwa ili kukwepa gharama hiyo.

Nambari254

Niaje wadau. Mbona hakuna anayetaja DuFort–Frankel? Ni dhahiri, haina matriksi, na haina sharti la uthabiti. Tamu pande zote mbili.

u mpya = u ya nyuma + 2r(kulia + kushoto − u mpya − u ya nyuma), kisha unahamisha "u mpya" upande mmoja. Mstari mmoja wa kodi.

MzeeFortran

Tamu, lakini ulimi unakuja kuwasha baadaye.

Richardson, mwaka 1910, alitumia tofauti ya katikati kwenye muda: chukua hatua iliyotangulia, ruka juu ya sasa, tua kwenye ijayo. Kwenye karatasi inapendeza, ni daraja la pili kote. Kwa mlinganyo wa joto haina uthabiti kwa r yoyote ile, hata uiweke ndogo vipi. DuFort na Frankel, 1953, walichukua kanuni hiyo wakabadilisha thamani ya katikati, 2u, kwa jumla ya mpya na ya nyuma. Uthabiti ukapatikana. Ila walicholipa ni hiki: kanuni haitatui tena mlinganyo wako peke yake. Inatatua

∂u/∂t + τ ∂²u/∂t² = α ∂²u/∂x², na τ = α(Δt/Δx)²

Yaani joto linaanza kuwa na tabia ya wimbi, lenye kasi yenye kikomo. Ukipunguza Δt na Δx pamoja kwa uwiano ule ule, τ haipungui kabisa; unakaribia jibu safi la mlinganyo ambao si wako.

Kwa slabu ya kijana, Δt dakika 10: τ = 8 × 10⁻⁷ × (600/0.01)², ni sekunde 2,880. Kwa wimbi la saa 24, zidisha kwa 2π/86,400, unapata 0.21. Kijineno cha ziada kimekuwa moja ya tano ya kijineno kikuu. Kwa Δt sekunde 60 kinakuwa 0.002, hapo sawa. Lakini kama utabaki kwenye sekunde 60, umekwepa nini?

Nambari254

Nimekuelewa mzee, heshima. Naiacha kwenye kabati.

Zege15

Samahani wakuu, kuna kitu sikukisema mwanzoni kwa sababu nilidhani hakina uzito. Mradi una mapaa mawili ya kulinganisha. Slabu ni moja. Paa la pili ni bati la geji 30, nafasi ya hewa, halafu dari ya jipsamu. Kodi iwe moja kwa yote mawili.

KisuChaExcel

Bati?! Basi mimi nimeondoka ulingoni. 😂

Nambari254

Kwa nini aondoke? Bati ni jembamba, si ndiyo rahisi?

MamaMatriksi

Ni jembamba na linapitisha joto haraka, na vyote viwili vinaua njia dhahiri. Bati la geji 30 lina unene wa kama milimita 0.3, na α ya chuma ni takribani 1.2 × 10⁻⁵ m²/s, mara kumi na tano ya zege. Mtu akilipigia nodi kila milimita 0.1, Δt isizidi sekunde 0.00042. Hiyo ni zaidi ya hatua milioni 207 kwa siku moja, kwa ajili ya kipande ambacho joto lake juu na chini halitofautiani kwa kiasi cha kupimika.

Kwa hiyo bati lisigawanywe. h × unene ÷ k = 20 × 0.0003 ÷ 50, ni 0.00012, ndogo mno, yaani joto la bati ni moja juu hadi chini. Lifanye nodi moja yenye uwezo wa kubeba joto: 7,850 × 480 × 0.0003, ni kama 1,130 J kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi. Gawanya kwa h ya pande zote mbili, 20 + 8, unapata muda wa kuitikia wa sekunde 40 hivi. Jua likitoka nyuma ya wingu, bati limeshajua ndani ya dakika mbili. Slabu ya zege inachukua saa.

Kodi yako sasa ina kitu cha sekunde 40 na kitu cha saa kadhaa mle mle. Hapo ndipo swali lako la mwanzo, ipi inanifaa, linakuwa na maana.

Kokotoa

Na ndipo Crank–Nicolson inapong'aa! Haina sharti.

MzeeFortran

Ndugu Kokotoa, tulia tuihesabu. Nodi ya bati, muda wa kuitikia (hapa ndio τ) sekunde 40, Δt dakika 10. Crank–Nicolson inazidisha kosa kwa (1 − Δt/2τ)/(1 + Δt/2τ). Δt/2τ ni 7.5. Jibu ni −6.5/8.5, yaani −0.76. Bati halisi baada ya dakika 10 limesahau kabisa lilikotoka. Bati la Crank–Nicolson linakumbuka robo tatu, tena kwa ishara ya kinyume. Meno ya kijana yamerudi, safari hii kwa njia iliyosifiwa kuwa haina masharti.

Ukitumia saa nzima kama ulivyomshauri, hata slabu peke yake inaugua. r inakuwa 28.8, na umbo la kubadilisha ishara kila nodi linazidishwa kwa (1 − 57.6)/(1 + 57.6) = −0.966 kila hatua. Euler ya nyuma kwa hatua ile ile inalizidisha kwa 1/116, limekufa papo hapo.

Crank na Nicolson hawakudanganya mtu mwaka 1947. Kosa halikui, ni kweli. Hakuna aliyeahidi kwamba litakufa.

Kokotoa

Sawa mzee, nakubali kwenye bati. Lakini na wewe uwe mkweli upande wa pili. Euler ya nyuma kwa hatua ya saa moja, kwenye wimbi la saa 24, kosa la kijineno cha muda ni ωΔt/2 (ω ni 2π ÷ saa 24), asilimia 13. Crank–Nicolson kwa hatua ile ile ni (ωΔt)²/12, asilimia 0.6. Hiyo tofauti huwezi kuifunika na kiganja. Euler ya nyuma inapunguza kilele cha mchana na mtu atasema paa ni zuri kuliko lilivyo.

MamaMatriksi

Hizo namba ni sahihi, na ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizotolewa upande wa Crank–Nicolson hapa. Ila nani kamlazimisha atumie saa moja? Kwa dakika 10 Euler ya nyuma ina asilimia 2.2. Kwa dakika 1 ina asilimia 0.2, na bado ni mifumo 1,440 midogo ya mishazari mitatu kwa siku, kitu ambacho laptopu haikihisi.

Halafu tujiulize kwa haki: h = 20 imetoka wapi? Ni kadirio la upepo wa wastani. Pengine asubuhi ni 12 na alasiri ni 25. Na hajaweka joto ambalo paa linalirudisha angani usiku, ambalo kwa bati si dogo. Kugombania asilimia 0.2 ya njia wakati sharti la mpaka lenyewe halijulikani kwa asilimia 30 ni kupoteza mwanga wa mchana.

Ushauri wangu: Euler ya nyuma, Δt sekunde 60, mapaa yote mawili, kodi moja. Migawo yote inabaki chanya kwa Δt yoyote, na bati halileti vurugu. Kama msimamizi anataka daraja la pili aone juhudi, θ ibaki kwenye kodi na siku ya kuwasilisha ageuze aonyeshe zote tatu kwenye grafu moja. Akumbuke tu kwamba Crank–Nicolson nayo ina sharti la migawo chanya, legevu mara mbili ya lile la mzee: kwa slabu ni sekunde 109.

Nambari254

Na ADI aliyoitaja?

MzeeFortran

Aifute kwenye orodha, hana kazi nayo. ADI ni ya mielekeo miwili. Peaceman na Rachford walikuwa kwenye kampuni ya mafuta Houston, 1955, wanashughulikia mtiririko ardhini, na mlinganyo wa shinikizo la mafuta kwenye mwamba unafanana na huu wa joto. Wakagawa hatua mara mbili: nusu ya kwanza fiche upande wa x, nusu ya pili fiche upande wa y. Kila mstari unatatuliwa na Thomas, hakuna matriksi kubwa. Ukienda mielekeo mitatu kwa kuiga tu mtindo ule ule, ule uthabiti usio na sharti unapotea, inabidi utumie umbo la Douglas.

Siku akichora kona ambapo slabu inakutana na boriti, arudi tuzungumze. Njia dhahiri hapo kikomo chake ni r ≤ 1/4, sekunde 31 kwa gridi yake, si mbaya hata kidogo. Na vijana wa siku hizi wenye kadi za michoro (GPU) wanaipenda njia dhahiri kwa sababu kila nodi inajitegemea, haimsubiri jirani.

SukaniYaTanga

Nimesoma uzi wote toka juu. Mmechambua hadi mfupa, lakini hakuna aliyeuliza kwa nini jua la Dar es Salaam linaruka kila saa kamili kama treni. Data ni za saa kwa saa, jua siyo. Kijana, unganisha namba za saa mbili kwa mstari ulionyooka na kila Δt usome thamani ya hapo. Ule mruko wa nyuzi 5 unagawanyika kwenye hatua 60, na kila kipande ni chini ya sehemu ya kumi ya nyuzi. Hata kwa r = 0.48 ile ya kwanza usingeyaona meno, yangekuwepo lakini madogo mno.

Sisemi njia haina maana. Nasema nusu ya ugonjwa iliingilia mlango wa data.

MamaMatriksi

Umepiga penyewe, Sukani. Aangalie tu data zake zinamaanisha nini: kama ni wastani wa saa nzima, nukta ya kuunganishia iwe katikati ya saa, si mwanzoni. Vinginevyo kilele cha mchana kinasogea nusu saa na atadhani ni kuchelewa kwa zege.

Zege15

Nashukuru wote, nimeandika kila kitu. Nimeanza kodi yenye θ, bati nodi moja, slabu nodi 16, data nimeziunganisha kwa mstari. Maswali mawili ya mwisho. Nitajuaje kwamba kodi ni sahihi, maana ndugu Kisu kanitisha na ule mstari laini wa uongo? Na pili, nataka kuongeza mvua ya ghafla saa tisa alasiri kwenye slabu ya moto. Huo ni mruko wa kweli, siwezi kuulainisha.

KisuChaExcel

La kwanza niachieni mimi. Funga nyuso zote mbili kwenye sifuri, anza na sin(πx/L). Jibu kamili linajulikana: umbo halibadiliki, kimo kinashuka kwa e⁻ᵗ/ᵀ, na T = L²/(π²α). Kwa slabu yako T ni sekunde 2,850, dakika 47 na nusu. Endesha hadi hapo, linganisha na 0.368. Kisha punguza Δx nusu na Δt nusu: Crank–Nicolson kosa lishuke mara nne. Njia dhahiri, punguza Δx nusu na Δt robo ili r isibadilike, nayo ishuke mara nne. Isiposhuka hivyo, kuna mahali umekosea hata kama grafu inapendeza.

Ukitaka kujifurahisha, weka r = 1/6 kamili kwenye njia dhahiri. Makosa ya muda na ya nafasi yanafutana na kosa linashuka mara kumi na sita. Njia ya maskini, daraja la nne. 😎

Lakini jaribio hilo haligusi mpaka wa upepo. Kwa huo, weka joto la nje na la ndani lisibadilike, acha iende hadi itulie, halafu hesabu kwa mkono: mtiririko ni tofauti ya joto ÷ (1/20 + 0.15/1.4 + 1/8). Lazima ifanane hadi tarakimu za mwisho, nyuso zote mbili.

MzeeFortran

La mvua. Mvua ikianza, joto la nje linaanguka na h inapanda kwa pamoja, kwa hiyo jenga upya migawo ya matriksi kwenye hatua hiyo. Usitumie ile uliyohifadhi asubuhi. Ukiwa kwenye Euler ya nyuma, endelea kama kawaida, labda upunguze Δt hadi sekunde 10 kwa dakika chache za kwanza, maana mabadiliko yote yako kwenye sentimita moja ya juu.

Ukiwa kwenye Crank–Nicolson, fuata mbinu ya Rannacher: hatua mbili za kwanza baada ya mvua kuanza, kila moja ivunje nusu mbili, na hizo nusu nne uzipige kwa Euler ya nyuma. Meno yanakufa hapo, kisha unarudi θ = 1/2 na daraja la pili halipotei. Mvua ikikatika, fanya hivyo hivyo tena.

Na kwenye sentimita hiyo ya juu, hapo ndipo gridi ya milimita 1 ina haki yake. Nodi si lazima zilingane umbali: bana juu, achia chini. Ukifika hapo weka kodi yako humu tuione.